Rangi ya mtoto mchanga haipimwi kwa picha ya simu

Leo nina jambo nimelibeba moyoni muda mrefu. Naomba mnisome hadi mwisho, hata kama katikati nitaleta hesabu kidogo.

Jambo lenyewe ni picha. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, na kwa kuwa niko Uingereza, basi kwenu nimekuwa zahanati inayotembea. Picha za vidonda, picha za vipele, picha za ulimi, zote napokea na wala sikasiriki. Lakini kuna aina moja ya picha lazima tuizungumzie. Ni ile ya mtoto mchanga, siku ya pili au ya tatu tangu azaliwe, na chini yake swali: "Dada, hebu mwangalie, ana manjano huyu?"

Msimamo wangu ni huu, na nausema mapema ili asiyetaka kusoma hesabu aondoke nao: rangi ya mtoto mchanga haipimwi kwa picha ya simu. Mimi siwezi, daktari hawezi, na shangazi aliyezaa saba hawezi. Anayekujibu "mzima huyo, hana kitu" kwa kuangalia picha, hata awe na digrii ukutani, anabahatisha. Nasema hivi si kwa roho mbaya wala kwa kuwa nimeshapanda ndege nikajiona. Ni fizikia ya mwanga tu, na fizikia hii mnaijua tayari bila kujua kwamba mnaijua.

Mkienda dukani kununua kitambaa cha sare ya harusi, mnafanya nini? Mnamwambia muuzaji, "Hebu nikitoe nje nikione vizuri." Ndani ya duka, chini ya taa, kilikuwa dhahabu. Nje, juani, kumbe ni njano ya ndizi! Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni mwanga unaokiangukia. Sasa kama hamkubali kununua kitambaa bila kukitoa nje, mbona afya ya mtoto mnaiamua kwa picha iliyopigwa chumbani usiku?

Haya, tuingie kwenye hesabu. Mtazameni mhunzi. Chuma kikianza kuiva kinakuwa chekundu, akizidisha mvukuto kinakuwa cha rangi ya chungwa, kisha njano, kisha kinaelekea kwenye weupe. Maana yake, kila kiwango cha moto kina rangi yake ya mwanga. Mwaka 1900 Mjerumani Max Planck alipata kanuni inayoeleza kitu cheusi kilichopashwa moto kinatoa mwanga kiasi gani wa kila rangi. Tangu hapo rangi ya mwanga inaweza kutajwa kwa namba moja tu, ambayo ni joto la kitu ambacho kingetoa mwanga kama huo. Kipimo chake ni kelvini, kwa heshima ya William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, mtu wa Belfast aliyefundisha Glasgow na ambaye mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa. Sifuri ya kelvini ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Mwanga wa mshumaa ni kama kelvini 1,900, na kibatari hakiko mbali na hapo. Balbu ya zamani yenye waya ndani ni kama 2,700. Jua la mchana ni kama 5,500. Siku ya mawingu ni 6,500 au zaidi, na kivulini, chini ya anga safi ya bluu, inaweza kupita 10,000. Angalieni hapo mambo yalivyo kinyume. Sisi tunasema taa ya njano ni ya "joto" na taa nyeupe yenye ubluu ni ya "baridi", lakini kwa kelvini ile ya njano ndiyo yenye joto dogo. Moto ukizidi, rangi inakimbilia bluu.

Chukueni boksi la balbu hapo dukani mkalisome. Mtaona namba na herufi K pembeni. Balbu za LED hazina waya uliopashwa hivyo, kwa hiyo namba ile inasema tu mwanga wake unafanana na wa joto gani. Nyumbani kwetu wengi tunapenda taa nyeupe kali, na mara nyingi ni 6,500. Huku Waingereza sebuleni wanapenda ya njano, 2,700. Ndiyo maana mkiniona kwenye video mnauliza mbona nakaa kama niko kwenye mishumaa!

Sasa twende kwenye kioo cha simu. Kioo hakijui kelvini. Kinajua taa tatu ndogondogo katika kila nukta, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja inapewa namba kuanzia 0 hadi 255. Zikichanganywa kwa kila namna zinatoa rangi 16,777,216. Utaratibu unaotumika kwenye vioo vingi unaitwa sRGB. Uliandaliwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na humo ndani imekubaliwa kwamba nyeupe ni ile ya kelvini karibu 6,500, yaani mwanga wa mchana wenye mawingu.

Ili kugeuza kelvini kuwa rangi ya kioo, wataalamu wanaanza na kanuni ya Planck, wanapitia vipimo vya jicho la mwanadamu vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 1931, kisha wanafika kwenye zile namba tatu. Kuna njia ya mkato pia, ambayo mwandishi wa programu aitwaye Tanner Helland aliichapisha mwaka 2012. Ni makadirio, lakini kwa mazungumzo yetu yanatosha. Nimezikokotoa mwenyewe kwa kikokotoo. Chukulieni shuka jeupe limewekwa chini ya kila mwanga, na kamera isirekebishe chochote:

Kelvini 1,900, mshumaa: nyekundu 255, kijani 132, bluu 0.
Kelvini 2,700, balbu ya njano: nyekundu 255, kijani 167, bluu 87.
Kelvini 4,000: nyekundu 255, kijani 206, bluu 166.
Kelvini 6,600: zote 255, nyeupe kabisa.
Kelvini 10,000, kivulini: nyekundu 202, kijani 218, bluu 255.

Mnaona? Shuka lilelile jeupe, chini ya mshumaa ni chungwa lililoiva, na kivulini limekuwa na ubluu. Na namba hizi zinaficha jambo. Mtu akiona 128 anadhani ni nusu ya mwanga wa 255. Siyo. Namba za kioo zimepangwa kufuata hisia ya jicho, kwa hiyo 128 ni kama moja ya tano tu ya mwanga. Ile bluu 87 ya balbu ya njano, inayoonekana kama theluthi, kwa mwanga halisi ni kama moja ya kumi. Chumba chenye balbu ya njano kina njaa ya bluu! Na manjano ya mtoto ni nini machoni petu? Ni ngozi inayomeza bluu na kurudisha njano. Sasa mwanga wenyewe hauna bluu ya kutosha. Utajuaje bluu imemezwa na ngozi ya mtoto, au haikuwepo tangu mwanzo?

Mtasema simu inarekebisha. Kweli, inarekebisha, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Simu haikuwepo dukani ulipokuwa unanunua balbu. Inaangalia picha na kukisia mwanga ulikuwa wa kelvini ngapi, kisha inavuta rangi ili kilicho cheupe kionekane cheupe. Mbinu moja ya zamani ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zinapaswa kutoa kijivu. Sasa mjaze mtoto mwenye manjano kwenye picha nzima, amefunikwa kablanketi ka njano. Mashine inaweza kusema, "Aha, taa hii ni ya njano mno," ikaongeza bluu, na manjano ya mtoto yakafutwa. Picha inakuja nzuri, mtoto anang'aa, shangazi anajibu "Mashallah, mzima!" na ndani ya damu mambo yanaharibika.

Ongezeni na mengine. Mtoto kalazwa ndani ya chandarua cha bluu, mwanga unaopenya unabeba ubluu. Ukuta umepakwa njano au pazia ni la chungwa, ngozi inaazima rangi. Simu nyingi zina kirembesho kinacholainisha na kung'arisha sura. WhatsApp inaibana picha ipite haraka, na kubana huko kwa kawaida kunapunguza undani wa rangi kuliko undani wa mwanga na kivuli. Kisha picha inafika kwangu usiku, na simu yangu iko kwenye rangi ya usiku, ile inayogeuza kioo kuwa cha njano ili macho yapumzike. Apple waliiweka kwenye iPhone mwaka 2016, na simu nyingi za Android nazo zinayo. Kwenye kioo kile hata daktari bingwa anapigiwa simu akiwa mzima, ataonekana ana manjano!

Mnakumbuka lile gauni la Februari 2015? Dunia nzima iligombana, hawa wanasema jeupe na dhahabu, hawa wanasema bluu na jeusi. Lilikuwa bluu na jeusi. Watu wenye macho mazima, picha moja, majibu mawili, kwa sababu kila ubongo ulikisia mwanga wake. Kwa gauni tulicheka. Kwa mtoto hatucheki.

Manjano ninayosema si ile homa ya manjano ya mbu. Ni rangi inayotokana na bilirubini, uchafu unaobaki chembe nyekundu za damu zikivunjika, ambao ini la mtoto mchanga bado halijaweza kuutoa kwa kasi. Watoto wengi wanaipata. Mwongozo wa Uingereza unasema karibu asilimia 60 ya waliotimiza miezi na asilimia 80 ya njiti huwa na manjano wiki ya kwanza, na wengi inaisha yenyewe. Lakini kwa wachache bilirubini inapanda hadi kuingia kwenye ubongo, na ikishaharibu huko hairudi nyuma. Anabaki kiziwi, au mwenye viungo visivyomtii, au anakufa. Kwetu kuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi, maana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao unafanya chembe za damu zivunjike haraka, unapatikana sana sehemu zenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo.

Hata sisi tunaosimama mbele ya mtoto haturuhusiwi kutegemea macho. Mwongozo wa hapa, uliotolewa mwaka 2010, unatuagiza tumvue mtoto nguo zote, tumwangalie kwenye mwanga mkali, na bora uwe wa mchana. Kwa watoto weusi kama wetu tunatazama weupe wa macho na fizi, na tunabonyeza ngozi kidogo kuona rangi iliyo chini. Na baada ya yote hayo bado haturuhusiwi kukadiria kiwango kwa macho. Lazima kipimo, cha kugusisha kwenye ngozi au cha damu. Australia na New Zealand zilikwenda mbali zaidi: kiwango chao cha taa za hospitali cha mwaka 1997 kilitaka taa za sehemu za kuangalia wagonjwa ziwe kati ya kelvini 3,300 na 5,300, ili mgonjwa anayekosa hewa aonekane rangi yake ya kweli. Kama hospitali inapimiwa taa zake ndiyo ituamini macho, picha ya chumbani itaaminiwaje?

Kuna atakayenipinga na kusema, "Lakini kuna programu za simu zinazopima manjano." Ni kweli zipo, na sizidharau hata kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha ya kwao. Lakini angalieni inavyofanya kazi: mtoto anawekewa mwilini kadi yenye rangi zinazojulikana, ili simu ijue mwanga wa chumba umezipotosha vipi. Watafiti wa University College London pamoja na wenzao wa Ghana walifuata njia nyingine, wanapiga picha ya weupe wa jicho kwa mwanga wa simu na bila mwanga wa simu, kisha wanautoa mwanga wa chumba kwa hesabu. Wote wawili walianza na tatizo hilihili la mwanga, kabla ya kugusa bilirubini. Kwa hiyo programu hizo zinaniunga mkono. Picha tupu ya WhatsApp haina kadi wala hesabu.

Na hapa nataka niwape hadithi inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, muuguzi aitwaye Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje uani siku za jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yamefifia mwili mzima isipokuwa sehemu moja ya pembetatu, njano kabisa. Pembe ya shuka ilikuwa imefunika hapo! Baadaye chupa ya damu iliyosahaulika dirishani juani ikatoa kipimo cha bilirubini kilichoshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakafuatilia, na mwaka 1958 wakachapisha matumizi ya taa za bluu kwa tiba. Taa zile mnazoziona kwenye wodi za watoto zilianzia kwa muuguzi aliyeangalia vizuri. Lakini oneni alivyoangalia: mtoto mwenyewe, mwanga wa mchana, ngozi iliyofunikwa na isiyofunikwa pamoja.

Hadithi hiyo isiwape ruhusa ya kumwanika mtoto juani mkasema mnatibu. Mwanga unaotibu ni bluu ya eneo maalumu, na kwa kiasi maalumu. Jua linakuja na vingine vinavyounguza, na mtoto anaweza kupata joto kupita kiasi au baridi akiwa uchi. Lagos walijaribu tiba ya jua na matokeo yakachapishwa mwaka 2015, ikafanya kazi vizuri, lakini walijenga mahema yenye karatasi maalumu za kuchuja miale mibaya na joto, na watoto wakawa wanapimwa muda wote. Dakika kumi za uani kila asubuhi si tiba hiyo. Wala balbu ya bluu ya dukani si tiba hiyo.

Basi mfanye nini? Mtoeni mtoto kwenye chumba chenye taa, mchana, karibu na dirisha, nje ya chandarua, avuliwe nguo. Mwangalieni ninyi wenyewe kwa macho yenu, weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Halafu msiniulize rangi, niambieni haya: ana saa ngapi tangu azaliwe, ananyonya mara ngapi, mkojo ni wa rangi gani, choo ni cha rangi gani. Maneno hayo hayabadiliki kwa kelvini.

Na kuna hali ambazo hata mimi msinipigie, nendeni hospitali moja kwa moja, iwe usiku iwe mvua. Manjano yakionekana kabla mtoto hajatimiza saa 24. Viganja au nyayo zikiwa njano, siku yoyote. Mtoto akiwa mlegevu, haamki kunyonya, analia kilio chembamba kikali, au anajipinda mgongo. Choo kikiwa cheupe kama chokaa. Manjano yakipita siku 14. Mkifika, ombeni kwa adabu kabisa apimwe bilirubini, msikubali kuambiwa tu "haonekani kuwa na shida" chini ya taa ya korido.

Najua nauli ni pesa, najua foleni, najua mama mzazi wa siku mbili hana nguvu ya kukaa kwenye benchi. Ndiyo maana picha inavutia, ni bure na jibu linakuja haraka. Lakini jibu la bure lililokisiwa mara tatu, kwanza na taa, kisha na kamera, kisha na kioo changu, mimi sitalitoa tena. Mkiniona nimejibu "mpelekeni akapimwe" bila hata kuifungua picha, msiseme dada kabadilika.

Picha za watoto endeleeni kunitumia, tena nyingi, maana nawamisi. Nitasema kafanana na babu yake, nitasema pua ni ya kwetu. Rangi ndiyo sitaisema.

Wasalimieni wote hapo nyumbani, na mama wazazi wapeni uji.